Majani Kwanza, Dume Baadaye: Maswali Yenu kuhusu Wafugaji wa Kiitalia wa Santa Fe

Toleo lililopita tuligusia familia za Kiitalia zilizohamia jimbo la Santa Fe, Argentina, miaka ya 1800. Zilianza na jembe la ngano, na wajukuu wao wakawa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ambao nasaba zao zimeandikwa kizazi hadi kizazi. Barua zimetufikia nyingi. Tumechagua zile zinazoingia shambani moja kwa moja.

*Ni kweli kila familia ilipewa ng'ombe na serikali? Huku kwetu mtu akipata mtamba mmoja wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe" anachinja kuku.* (Msomaji, Njombe)

Ndugu yetu, hapo yamechanganywa makazi mawili tofauti. Unachosema kilitokea Esperanza, koloni la wakulima lililoanzishwa mwaka 1856. Mkataba wake, uliotiwa saini mwaka 1853 kati ya jimbo na Aarón Castellanos, uliahidi kila familia kiwanja cha takriban hekta 33, kibanda, unga, mbegu na wanyama 12: farasi 2, maksai 2, ng'ombe majike 7 na dume 1. Haikuwa zawadi, bali gharama iliyopaswa kurudishwa kutokana na mavuno. Tena wengi wa familia zile walikuwa Waswisi, Wajerumani na Wafaransa.

Waitalia, hasa wa Piemonte na Lombardia, walifurika baadaye, miaka ya 1870 na 1880. Wakati huo ardhi ilikuwa inauzwa kwa awamu au kukodishwa, kama huko Rafaela, koloni lililofunguliwa na Guillermo Lehmann mwaka 1881. Hawakukuta ng'ombe wa kugawiwa; walikuta deni la ardhi. Ndiyo sababu walianza na ngano. Ngano hulipa ndani ya mwaka, lakini ndama jike anayezaliwa leo ataanza kukupa maziwa baada ya miaka miwili na nusu au zaidi.

Hebu tupige hesabu ya hao majike 7, maana ina funzo kwa aliyepata mtamba wa mradi. Wakizaa kwa asilimia 70 kwa mwaka, unapata ndama 5. Majike kati yao ni 2 au 3. Ondoa mmoja kwa kifo au kwa shida ya nyumbani inayolazimu kuuza. Wanabaki 2, na mmoja wao atachukua nafasi ya ng'ombe aliyezeeka. Kwa hiyo kundi linaongezeka kwa ng'ombe mmoja tu kwa mwaka. Anayetegemea kuzaliana peke yake bila kuongeza maziwa ya kila ng'ombe atasubiri sana.

*Mmesema wakulima wa ngano ndio waliojenga malisho. Mkulima wa ngano anajengaje malisho?* (Mfugaji, Njoro)

Swali hili ndilo roho ya habari yote. Wenye ardhi wakubwa wa Pampas, yaani nyanda tambarare za Argentina, walikuwa na nyasi za asili ngumu, zisizonenepesha ng'ombe kwa kiwango kilichotakiwa na soko la nyama la Ulaya. Wakakodisha ardhi kwa Waitalia kwa miaka 3 hadi 5. Mpangaji alivunja ardhi, akapanda kitani au ngano miaka ya mwanzo, na mwaka wa mwisho alilazimika kupanda alfalfa pamoja na nafaka yake. Akishavuna, alihama na familia nzima kwenda kuvunja ardhi nyingine. Mwenye shamba aliingiza ng'ombe wake kwenye malisho ambayo hakuyatolea jasho. Sisi tunauona mkataba huo kuwa wa dhuluma, na kodi zilizowabana wapangaji hazikuvumilika milele: tarehe 25 Juni 1912 wapangaji wa Alcorta, wengi wao Waitalia, waligoma, na Agosti ya mwaka huohuo likaundwa shirikisho la wakulima, Federación Agraria Argentina. Lakini ujuzi wa alfalfa ulibaki mikononi mwa mpangaji. Aliyefanikiwa kununua kiwanja chake alijipandia mwenyewe.

Alfalfa tunayoizungumzia ni ule mmea mfupi wa maua ya zambarau, usiichanganye na lusina, ambao ni mti. Inataka udongo wenye kina, usiotuama maji, wenye pH kati ya 6.5 na 7.5. Lainisha udongo kama wa kitalu cha mboga, kisha uushindilie, ukikanyaga kiatu kisizame. Mbegu ni kilo 10 hadi 15 kwa hekta ukipanda kwa mistari, au hadi 20 ukirusha kwa mkono, na kina kisizidi sentimita 1 hadi 2. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafukia mbegu kama mahindi, kisha wanamlaumu muuzaji. Ichanganye mbegu na bakteria wa mizizi wa alfalfa kabla ya kupanda. Wale wa maharage hawafai, kwa sababu kila jamii ya kunde ina bakteria wake, na wasipokuwepo mmea unakuwa wa njano na kudumaa hata kama mvua ni nzuri.

Mara ya kwanza iache ichanue ndipo ukate, ili mzizi ushibe. Baada ya hapo kata au lisha kila siku 28 hadi 35, maua yakianza kuonekana kwenye shina moja kati ya kumi, ukibakiza sentimita 5 hadi 7. Usiache ng'ombe ndani ya kipande kimoja kwa wiki nzima. Chipukizi huota upya kutoka kwenye kichwa cha mzizi baada ya siku chache, ng'ombe aliyebaki humo huling'ata, na mmea unalazimika kutumia tena akiba ya mzizi ambayo haijarudi. Ukifanya hivyo mara kwa mara, shamba linakufa mapema. Likitunzwa, hudumu miaka 4 au 5.

Kwa maeneo yetu ya udongo mchachu, kama nyanda za juu zenye chai, pima udongo kwanza. Chokaa ya kilimo iingie miezi kadhaa kabla ya mbegu. Bila hiyo, bora upande matete na desmodiamu, usitupe fedha.

*Nina ng'ombe wanne. Mmoja aliingia kwenye alfalfa asubuhi, ubavu wa kushoto ukavimba, akafa ndani ya saa mbili. Hao Waitalia walifanyaje?* (Mama mfugaji, Ol Kalou)

Pole sana, mama. Huko wanauita *empaste*, na hadi leo ni adui mkubwa wa mfugaji wa alfalfa. Alfalfa changa ina protini inayoyeyuka haraka tumboni. Gesi ya kawaida ambayo ng'ombe huitoa kwa kucheua hunaswa ndani ya povu zito, kama povu la sabuni. Ng'ombe hawezi kulicheua povu, tumbo linapanda, linabana mapafu, anakosa pumzi. Kwa hiyo kinachoua si sumu.

Kinga ni utaratibu wa kila siku. Ng'ombe asiingie na njaa: mpe nyasi kavu kwanza, angalau kilo 3 au 4. Asiingie umande ukiwa haujakauka. Asiingie kwenye alfalfa changa kabla ya maua. Mpe kipande kidogo kidogo kwa uzio wa kuhamisha, maana akipata eneo kubwa huchagua majani laini na kuacha shina. Njia bora kuliko zote ni kupanda alfalfa pamoja na nyasi, nusu kwa nusu, tangu mwanzo. Siku za hatari, mafuta ya kula mililita 60 hadi 120 kwa ng'ombe kwa siku, yakichanganywa kwenye pumba, husaidia kuvunja povu.

Akishavimba, mtoe malishoni, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu mlimani, na umfunge kijiti mdomoni kama hatamu ili atafune na kutoa mate. Mnyweshe mafuta ya kula mililita 250 hadi 500 polepole kwa chupa, kichwa kikiwa sawa na mgongo. Usimvute ulimi wala usimwinue pua juu sana, mafuta yataingia mapafuni naye atakufa kwa nimonia siku chache baadaye. Akianza kuyumba na daktari yuko mbali, hapo ndipo inapotumika troka, yaani chuma chenye ncha kali ndani ya bomba la kutobolea tumbo: katikati ya pembetatu ya ubavu wa kushoto, kati ya mbavu ya mwisho, mfupa wa nyonga na ukingo wa mifupa ya kiuno, ikielekezwa kwenye kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia. Likitoka povu badala ya hewa, usishangae wala usitoboe tena. Pitisha mafuta kwenye bomba lilelile. Kisha daktari amwone siku hiyohiyo, kwa sababu tundu lile huleta usaha tumboni lisipotibiwa.

*Nina ng'ombe kumi wa kienyeji. Nataka kuwageuza wawe Friziani kama walivyofanya wao. Itachukua miaka mingapi?* (Kijana, Iringa)

Walichokuwa nacho wao ni ng'ombe aitwaye *criollo*, mzao wa ng'ombe walioletwa na Wahispania: mgumu, mwenye maziwa machache, kama wako. Walimpandisha kwa dume la Kiholanzi, binti akapandishwa tena kwa dume jingine la Kiholanzi, hivyohivyo. Damu inakwenda nusu, robo tatu, saba ya nane, kumi na tano ya kumi na sita. Mimba ni takriban siku 283, na mtamba aliyelishwa vizuri hupandishwa akiwa na miezi 15 hadi 18. Kwa mstari mmoja wa mabinti usiokatika, vizazi vinne ni miaka kama 10. Kwa kundi zima, ukikumbuka kwamba nusu ya ndama ni madume, hesabu miaka 20. Ndiyo maana tunasema ni kazi ya baba na mtoto.

Dume mmoja aliyekomaa anatosha majike 25 hadi 30, aliye kijana apewe 10 hadi 15. Lakini angalia kalenda. Ndama wake wa kwanza wanazaliwa miezi 9 baada ya yeye kuingia, na mabinti hao wanafikia kupandwa miezi 15 baadaye. Maana yake mwezi wa 24 dume huyo atawapanda mabinti zake mwenyewe. Kabla ya hapo aondoke. Majirani wengi hubadilishana madume, jambo jema kwa mfuko, baya kwa afya. Dume anabeba magonjwa ya zinaa ndani ya govi bila kuonyesha dalili, nawe utaona majike yaliyodhaniwa yana mimba yanarudi kwenye joto baada ya miezi miwili au mitatu. Argentina ni kawaida dume kukwanguliwa ndani ya govi na sampuli kupelekwa maabara, zaidi ya mara moja, kabla ya msimu. Daktari wako anaweza kulifanya hilo. Ukitumia uhimilishaji unaikwepa shida hii, mradi uandike jina la dume kwenye daftari.

Na daftari hasa ndilo linalotenganisha mfugaji wa mbegu na mwenye ng'ombe. Kila mnyama awe na namba ya hereni, mama, baba, tarehe ya kupandwa, tarehe ya kuzaa, na maziwa yaliyopimwa siku moja kila mwezi, asubuhi na jioni, kwa mzani na si kwa macho. Baada ya miaka miwili panga majina kutoka juu kwenda chini. Ng'ombe wawili wa chini kati ya kumi wasikupe mitamba ya kubaki, hata kama mmoja ndiye mpole kuliko wote na watoto wanampenda.

Ushauri wetu kwako: usifike kumi na tano ya kumi na sita. Santa Fe kuna baridi ya kweli miezi ya Juni hadi Agosti. Kama sehemu yako ya Iringa ni ya joto na huogeshi kila wiki, simama kati ya nusu na robo tatu.

*Hawakuwa na ndigana?* (Msomaji, Kibaha)

Walikuwa nayo nusu. Kaskazini mwa Santa Fe kuna kupe wa bluu wanaoleta ugonjwa waliouita *tristeza*, yaani huzuni, kwa jinsi ng'ombe anavyojitenga na kuinamisha kichwa. Kwetu ni ndigana baridi na ule wa mkojo mwekundu. Ng'ombe wa Ulaya aliyeletwa mtu mzima alikufa, lakini ndama aliyeumwa na kupe wachache akiwa mdogo mara nyingi alipona na kubaki na kinga. Mfugaji akiua kupe wote kisha mwaka mmoja akazembea, kundi lisilo na kinga lilianguka kwa pamoja.

Tafadhali usiige hilo la kuacha kupe wachache. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni, haipo Amerika kabisa. Ipo kwetu, na inaua hata ndama. Chanja, na endelea kuogesha kwa ratiba ya daktari.

*Uzio na maji viligharimu kiasi gani?* (Msomaji, Laikipia)

Bei za wakati ule hazikusaidii, vipimo vinakusaidia. Kiwanja cha hekta 33 kikiwa mraba kina mzunguko wa takriban kilomita 2.3. Uzio wao wa kawaida ni nyaya 7, kwa hiyo kilomita 16 za waya, na nguzo kila mita 10 ni 230, nyingi za quebracho, mti mgumu wa Chaco, kaskazini mwa Argentina, usioliwa na mchwa kirahisi. Katikati ya nguzo huwekwa fito nyepesi zinazoshika nyaya zisiachane, bila kuchimbiwa ardhini. Uzio hulegea kuanzia pembeni. Nguzo ya kona iingie chini mita 1.2 na ipewe mhimili wa mshazari. Usipofanya hivyo, mvutano wa nyaya saba utaing'oa mvua ya kwanza.

Maji walivuta kwa kinu cha upepo. Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, hivyo 30 wanataka kama lita 2,400. Upepo unaweza kukatika siku tatu, basi tangi lisipungue lita 7,200. Pima maji kabla ya kujenga. Visima vya sehemu za Córdoba na Santa Fe vina aseniki, kiasi kwamba ugonjwa wake uliitwa kwa jina la mji wa Bell Ville, kama vile Arusha inavyojulikana kwa floridi inayochafua meno.

*Naishi Torino. Naona ng'ombe weupe wenye mapaja kama ya farasi wa mashindano. Je, ndio hao waliopelekwa Argentina?* (Msomaji, Italia)

Hapana. Wahamiaji hawakusafiri na ng'ombe. Unaowaona ni Piemontese, na umbo lile la misuli maradufu lilianza kuonekana mwaka 1886 huko Guarene, karibu na Alba, wakati wahamiaji wengi walikwisha kuondoka. Mwaka 1997 wanasayansi walionyesha kuwa chanzo ni hitilafu katika jeni inayozuia misuli kukua kupita kiasi. Nyama ni nyingi na haina mafuta mengi. Anayetaka kuleta mbegu yake nyumbani aitumie kwa ng'ombe waliokwisha kuzaa mara mbili au zaidi, kamwe si kwa mitamba, kwa sababu ndama mwenye mapaja mapana hukwama nyongani.

*Maziwa waliuza wapi, na barabara zilikuwa za tope?* (Mwenyekiti wa ushirika, Mbozi)

Hawakuuza maziwa, waliuza krimu. Mashine ya kuzungusha kwa mkono ilitenganisha krimu hapohapo zizini. Lita 100 za maziwa zilitoa takriban lita 10 za krimu, ambayo ikichachuka kidogo bado inafaa siagi. Lita 90 zilizobaki zilikwenda kwa ndama na nguruwe, na nguruwe wakawa soseji za majira ya baridi. Ubaya ulikuwa kwamba mnunuzi wa krimu alikuwa mmoja, naye ndiye aliyepima mafuta. Mwaka 1938 vyama 16 vya ushirika vya majimbo ya Santa Fe na Córdoba viliungana kuunda SanCor, jina lililofupishwa kutoka majimbo hayo mawili, na mwaka 1940 kiwanda chao cha siagi kikaanza Sunchales. Mwenyekiti, kabla ya kununua tangi la kupozea, nunueni kipimo cha mafuta na mfundishe vijana wawili kukitumia mbele ya wanachama wote.

*Kihamba chetu kimegawanywa hadi kimebaki robo ekari. Wao waligawaje?* (Msomaji, Moshi)

Sheria yao ya kiraia, iliyoanza kutumika mwaka 1871, iliwapa watoto wote haki sawa, wa kike na wa kiume, na hadi mwaka 2015 mzazi mwenye watoto hakuweza kuwanyima sehemu nne kati ya tano za mali. Kwa hiyo hekta 33 kwa watoto sita zingekuwa hekta tano na nusu kila mmoja, ambazo hazilishi kundi la maana. Familia zilizodumu zilifanya mojawapo ya mambo mawili. Ama wakubwa walitangulia kwenda magharibi, Córdoba, ambako ardhi ilikuwa rahisi, wakachukua ng'ombe badala ya ardhi. Au mmoja alibaki na kuwanunua wengine kwa awamu kutokana na krimu. Asiyekuwa na kitu alikamua ng'ombe wa mwenye ardhi kwa mgawo wa mapato, na mwaka 1946 kazi hiyo ikapewa sheria yake, akijikusanyia mitamba yake taratibu.

Kwako, dada au kaka, ardhi isigawanywe tena. Gawaneni ng'ombe. Kila ndugu awe na rangi yake ya hereni ndani ya zizi moja, majani yapimwe kwa idadi ya vichwa, na anayetaka kutoka achukue vichwa vyake kwa bei ya daftari, iliyoandikwa na kutiwa saini na wote kabla hajaugua mzee.